Asali ya Kurui na Mtu wa Mlangoni

Siku mliponiaga pale ofisini, baada ya keki na kanga na hotuba ya mkuu wa idara aliyenisifia kwa mambo aliyoyafanya mtu mwingine, mlinibana kwenye korido mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu masoko ya mtandaoni. Mlisema vikundi vinawauliza kila mara kwa nini tangazo la huyu linasambaa na la yule linakufa, nanyi hamna jibu zaidi ya kuwaambia wanunue bando. Sasa nimekaa nyumbani hapa Kibaha, nina muda ambao sijawahi kuwa nao, nimeona niandike. Nitaandika kama ninavyokumbuka, kuanzia mwanzo, na nitafika kwenye ile picha ya Kurui. Najua ndiyo mnayoitaka, hata kama mliona haya kuitaja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Dutumi. Nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha maendeleo ya jamii na viatu visivyofaa kabisa kwa tope la kule. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuitisha mkutano wa akina mama wasuka mikeka ili waunde kikundi. Niliandika matangazo kwa mwandiko wangu mzuri, nikayabandika dukani, zahanati na kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Siku ya mkutano alikuja mwenyekiti wa kijiji na mbuzi wake.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Pazi, bwana maendeleo wa siku nyingi, mtu wa Mlandizi, mwembamba, hakosi kofia yake ya kitambaa na baiskeli aliyoipangusa mara nyingi kuliko alivyopangusa miwani. Ofisi ilikuwa imempa kipaza sauti cha betri. Alikitundika ukutani kwake, na kuku mmoja akakifanya mahali pa kutagia. Aliponikuta nimekaa peke yangu kwenye ule uwanja wa mkutano, hakunicheka.

"Ulimwambia nani?" aliniuliza.

"Wote, mzee. Nimebandika kila mahali."

"Wote ni nani? Nitajie jina moja."

Sikuwa nalo. Akanichukua tukaenda kwenye mashine ya kusaga, pale wanawake wanaposubiri zamu. Akamsogelea mama mmoja, wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, kisha akasema kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kuna mnunuzi wa mikeka anataka kuja kutoka Dar. Ila anataka ile ya ukindu wa rangi, ile ya kazi. Sijui kama huku bado wapo wanaoiweza." Basi. Akapanda baiskeli, nami nyuma kwenye kibebeo.

Mkutano uliofuata watu walikaa mpaka nje. Nilimuuliza Mzee Pazi alichofanya. Akanieleza tukiwa njiani, bila kugeuka, kwa hiyo nusu ya maneno yalichukuliwa na upepo. Alisema yule mama hakubeba tangazo lake hata kidogo. Alibeba kitu cha kwenda kumwambia dada yake anayejua kusuka, ili dada yake aone kuwa anafikiriwa. Na alibeba hasira kidogo, kwa kuambiwa kuwa hawawezi. "Usiwaulize watu wamesikia nini," akasema. "Waulize wamemwambia nani, na kwa nini wamemchagua huyo."

Nimefundishwa semina nyingi baada ya hapo, nyingine kwenye kumbi zenye viyoyozi na maji ya chupa. Hakuna aliyenieleza mambo ya kusambaza habari vizuri kuliko alivyonieleza yule mzee akiwa amenipa mgongo.

Baadaye nilihamishiwa Kisarawe, nikapewa pikipiki na vijiji vingi kuliko mafuta. Simu zilipoingia, mwanzoni zilikuwa za kupigia tu, na Kurui watu walikuwa na kichuguu kimoja walichopandia kutafuta mtandao. Ukiona mtu amesimama juu ya kichuguu anaongea na hewa, unasubiri amalize, halafu unapanda wewe. Kisha zikaja simu za picha, makundi ya familia, makundi ya msikiti, makundi ya waliosoma darasa moja. Vijana ndio walionifundisha kupost, na sikuona aibu kufundishwa. Nilichogundua ni kwamba kichuguu kimebadilika, lakini mama wa pale mashineni ni yule yule.

Nitawapa mfano mmoja, mwepesi, kabla ya ule mzito. Marui kulikuwa na mama mmoja muuza mananasi aliyekuwa akipiga picha lundo lake kila msimu na kuliweka mtandaoni. Halina anayelijali. Lundo la mananasi ni lundo la mananasi. Nikamwambia aache kupiga picha lundo, amwombe mteja wake, dada mmoja anayeuza juisi Kisarawe mjini, ajirekodi akikata nanasi moja na kusema limetoka kwa nani. Yule dada alilikata, maji yakamwagikia mkononi, akacheka, akaramba kidole, akasahau alichotaka kusema. Ile video ilizunguka. Nilipowauliza waliosambaza, kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wapo waliotaka kumsaidia mdogo wao. Wapo waliotaka wenzao wacheke. Mwingine alitaka ajulikane kuwa yeye ndiye wa kwanza kujua mahali penye mananasi mazuri. Hakuna hata mmoja aliyesema ameisambaza ili mama wa Marui auze. Lakini mama wa Marui aliuza, kwa sababu tulikuwa tumeweka namba ya simu, jina la mahali na bei, na alikuwa akipokea simu inapoita. Mkiandika hilo ukutani mtakuwa mmepata nusu ya semina. Watazamaji wa Mwanza hawanunui nanasi la Marui. Anayenunua ni yule wa karibu aliyetumiwa na mtu anayemwamini.

Sasa Kurui.

Kule kulikuwa na kikundi kidogo cha asali kilichoongozwa na Bi Zuhura, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye sauti ya chini na mikono iliyozoea nyuki kiasi kwamba hakuvaa glavu. Msaidizi wake alikuwa wifi yake, Mwajuma, mchekeshaji, aliyekuwa akishughulika na chupa na lebo. Walijenga ghala la matofali kando ya njia itokayo msituni, lenye mlango wa mbele unaotazama barabara na mlango wa nyuma unaotazama uwanja. Asali yao ilikuwa nzuri na haikuwa ikitoka. Nikaenda kuwapiga picha.

Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna hata jani linalotikisika. Mwajuma alikuwa amefagia ule uwanja wa nyuma asubuhi, mchanga mweupe umebaki na mistari ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilimkalisha Bi Zuhura kwenye kigoda katikati ya ghala, nikamwambia anyanyue chupa ipate mwanga. Mlango wa nyuma niliuacha wazi kwa ajili ya mwanga huo. Mwajuma alisimama pamoja nami, nyuma ya simu, akimfanyia wifi yake vituko ili atabasamu.

"Fungeni huo mlango," Bi Zuhura alisema. "Nahisi ubaridi shingoni."

Mwajuma akacheka, maana sisi wote tulikuwa tunatiririka jasho. Nikapiga picha. Kisha nikatoka hadi kizingiti cha nyuma nikapiga nyingine, ya uwanja wenyewe na mizinga iliyotundikwa kwenye mikorosho kule mbali, kwa sababu ilinipendeza. Tukaweka ile ya kwanza mtandaoni, na maneno machache: asali mbichi ya Kurui, haijachemshwa, mpigie Zuhura.

Siku za mwanzo ilikuwa kimya. Halafu mtu mmoja akaandika chini yake, "Asali inavutia. Ila huyo kaka wa mlangoni mbona kama hana raha?"

Niliisoma nikiwa kibandani nakunywa chai. Nikaifungua picha nikaikuza. Nyuma ya Bi Zuhura, kwenye mlango wa uwanjani, alikuwa amesimama kijana mrefu wa shati la bluu, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Uso wake ulionekana vizuri. Hakuwa akitazama simu. Alitazama kwa mbele, juu ya bega la Bi Zuhura.

Niliwasha pikipiki nikaenda Kurui. Wale wawili nao walikuwa wameshaiona. Mwajuma hakuwa akicheka.

"Labda alipita tu," nilisema.

"Apite wapi, bibi maendeleo?" Mwajuma akaniuliza. "Mimi nilikuwa nimesimama na wewe. Nilikuwa naangalia huko huko."

Nikaikumbuka ile picha ya pili. Tukaifungua. Uwanja ulikuwa mweupe, mistari ya ufagio imenyooka kutoka kwenye mikorosho hadi kwenye kizingiti, haijakatizwa na unyayo hata mmoja. Bi Zuhura aliitazama muda mrefu. Kisha akahamisha kigoda chake akakiegemeza ukutani, na tangu siku hiyo sikumwona tena akikaa na kuupa mgongo ule mlango.

Nilijaribu kuwa mtu wa ofisi. Nilimpelekea ile simu fundi mmoja wa picha mjini Kisarawe, nikamwambia inawezekana picha mbili zimeingiliana. Aliiweka kwenye kompyuta, akaikuza, akaonyesha kivuli cha yule kijana kilivyoangukia kizingiti, upande ule ule wa kivuli cha chupa. "Mama, huyu alikuwepo," akasema. Nilipotaka kulipa alikataa, akaniomba tu nisiiache ile picha kwenye mashine yake.

Kilichofuata mnakijua. Picha ilitoka Kurui ikafika kila mahali. Nilifanya kama Mzee Pazi alivyonifundisha, nikaanza kuwauliza watu wamemtumia nani na kwa nini. Majibu yalikuwa ya kila aina. Wengine walisema wanaonya. Wengine walisema wanatania. Wapo waliotuma kwa shehe, wapo waliotuma kwa mchungaji, wapo waliomtumia mke aliyekuwa chumba cha pili. Nilipowabana kidogo, niliona kitu kimoja kinajirudia. Mtu haipeleki picha ya namna ile ili mwenzake aione. Anaipeleka ili asibaki nayo peke yake. Jambo zuri tunalisambaza ili tuonekane, la kusaidia tunalisambaza ili tupendwe, lakini hofu tunaisambaza kama tunavyomwita mtu aje akae nasi chumbani. Ndiyo maana inakwenda mbio kuliko vyote.

Na biashara? Biashara iliwaka. Simu ya Bi Zuhura haikutulia. Watu walikuja kwa pikipiki na magari kutoka Kibaha, Chanika, hadi katikati ya Dar. Asali ilikwisha, wakaletewa ya vikundi vya jirani, nayo ikaisha. Njiani wakazuka wauzaji wenye vibao vya "asali ya mtu wa mlangoni", ambayo nyingine ilikuwa sukari iliyochemshwa. Mkuu wa idara alitaka niiweke picha ile kwenye mada ya semina kama mfano wa mafanikio. Nilimwambia mfano huo vikundi vingine vitapata shida kuuiga.

Lakini niliwaona wateja. Walinunua chupa moja, wakaishika bila hata kuinusa, kisha wakauliza, "Ndio huu mlango?" Walisimama pale, wakajipiga picha, wakaondoka. Wengi sikuwaona tena. Wekeni hilo akilini mkikuta kikundi kinachofurahia kusambaa: ulizeni wanachosambaza watu ni bidhaa ya kikundi au ni kitu kilichosimama nyuma yake.

Asubuhi moja nilikuwa pale ghalani nikihesabu lebo na Mwajuma alipoingia bibi mmoja aliyeshikwa mkono na binti yake. Bibi alikuwa mfupi, amejifunga kanga mbili, miguu imejaa vumbi la safari.

"Shikamoo, bibi," Mwajuma akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Mwanaidi, natoka Dutumi. Huyu ni binti yangu, Tatu. Tumekuja kwa ile picha."

Mwajuma alimwonyesha mlango, kama alivyozoea kuwaonyesha wote. Bibi hakuutazama. Alitazama nyuso zetu.

"Yule ni mwanangu Seif," akasema. "Aliondoka nyumbani kuja kuchoma mkaa huku Kisarawe. Hakurudi. Lile shati nilimnunulia mimi, Mlandizi, siku ya gulio. Tatu ametumiwa picha kwenye kundi la familia, na aliyeituma hakumtambua, aliituma kututisha tu. Nimekuja kuwauliza. Yuko wapi?"

Nimehudhuria mikutano yenye ugomvi wa mashamba, nimewahi kumpelekea mtu habari ya msiba. Swali kama lile sikuwa nimewahi kuulizwa. Ni Bi Zuhura aliyeinuka kwenye kigoda chake, akaenda akapiga magoti mbele ya yule bibi, akamshika mikono.

"Mama, sitakudanganya," akasema. "Sisi hatukumwona. Tulikuwa watatu humu ndani. Ameonekana kwenye picha tu."

Bi Mwanaidi alimwinua. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Anaonekana mzima? Macho yangu hayaoni vizuri kwenye kisimu. Tatu ananiambia amekonda."

"Amekonda kidogo," Bi Zuhura akajibu.

"Na anaangalia nini?"

Hakuna aliyekuwa amejiuliza hilo. Watu wote waliosambaza ile picha walimtazama yeye, hakuna aliyetazama anakotazama. Bi Mwanaidi akamwomba Bi Zuhura arudishe kigoda katikati, akae kama alivyokaa siku ile. Bi Zuhura alisita, lakini alikaa, mgongo kwenye mlango. Bibi akaenda polepole hadi kwenye kizingiti, akaweka mkono kwenye fremu mahali pale pale, akanyoosha shingo, maana mwanawe alikuwa mrefu kuliko yeye. Alitazama juu ya bega la Bi Zuhura, kupitia mlango wa mbele.

"Anaangalia barabara," akasema. "Anasubiri gari."

Tatu alianza kulia. Mama yake hakulia.

Ndipo nilipofanya kazi ninayoijua. Nilimwomba Bi Mwanaidi ruhusa, nikamrekodi akiwa amesimama pale mlangoni. Nilimwambia aongee na mtu mmoja tu, yeyote aliyewahi kula na mwanawe. Akasema, "Mwanangu, uliyefanya kazi na Seif wa Dutumi, mimi ni mama yake. Sina neno na wewe. Nataka kujua tu." Niliitazama ile video mara nyingi kabla ya kuituma. Hakukuwa na mtu mwingine ndani yake. Tukaituma, na safari hii watu waliisambaza kwa sababu nyingine. Walimtumia yeyote waliyemjua aliyewahi kuwa kwenye kambi za mkaa.

Haikuchukua muda mrefu. Alikuja mzee mmoja kutoka Marui, Mzee Mfaume, mchoma mkaa aliyeacha kazi hiyo, mikono bado ina makovu ya tanuri. Bi Mwanaidi aliitwa tena, tukakaa wote kwenye mkeka ndani ya ghala.

"Sisi tulimwita Mrefu," Mzee Mfaume alisema. "Jina la kwao hatukulijua, na yeye hakuwa msemaji; nimemtambua kwa ile picha niliyotumiwa pamoja na video ya mama. Alishikwa na homa kule kambini. Tulimbeba hadi hapa, wakati huo ghala hili halipo, palikuwa na kibanda cha kusubiria gari la mkaa. Tulitaka gari limpeleke hospitali. Alikataa kulala. Alisema akilala gari litampita. Alisimama kashika nguzo ya kibanda, anaangalia njia. Gari halikuja siku ile."

"Mlimzika?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Tulimwosha, tukamsalia, tukamzika Marui. Mimi mwenyewe nilimvua shati. Sikuwa na wa kumpelekea, nikalitundika kwenye mti pale kambini. Likakaa mpaka likaozea huko."

"La bluu," bibi akasema.

"La bluu, mama."

Tulikwenda Marui wote. Kaburi lilikuwa limetunzwa, limewekewa mawe, kazi ya Mzee Mfaume na wenzake. Bi Mwanaidi aliomba dua, akakaa pale mpaka akatosheka. Wakati wa kurudi aliniomba kitu. Nilidhani ataniambia niifute picha ile. Akasema nimtengenezee ya karatasi, ya Seif peke yake, asionekane mtu mwingine wala asali.

"Sina picha yake ya ukubwani," alisema. "Ninayo hiyo moja tu."

Nilimpelekea Dutumi, ikiwa kwenye fremu. Aliipokea kwa mikono miwili.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema kwa semina: namna mitandao ilivyomrudishia mama kaburi la mwanawe. Lakini mliniomba niwafundishe kazi, na kazi haikuishia hapo.

Habari ya Bi Mwanaidi nayo ilisambaa, na baada yake zikaanza meseji za aina nyingine. Zilikuja kwa Bi Zuhura kama oda za asali. Mtu anaagiza chupa, anauliza nauli ya boda, kisha mwishoni anaandika, "Na kama hutajali mama, nipigie picha ya ule mlango. Na mimi wangu alipotea." Anataja jina. Anataja nguo alizoondoka nazo.

Mwajuma alisema wapigiwe tu, hakuna ubaya, mlango ni mlango. Bi Zuhura alikataa muda mrefu. Halafu akamhurumia baba mmoja aliyekuwa akiandika kila asubuhi kwa adabu sana, akitafuta binti yake. Akaupiga picha mlango, wazi, hauna mtu, uwanja mweupe nyuma yake. Aliniita niitazame kabla hajaituma. Niliikuza kila pembe. Hakukuwa na kitu. Akamtumia, na maneno ya pole.

Jibu lilikuja papo hapo. Bi Zuhura alinigeuzia simu nisome mwenyewe.

"Asante sana mama. Nimemwona. Amekua."

Nje kulikuwa na jua, na Mwajuma alikuwa uwanjani akifagia, tunausikia ufagio. Bi Zuhura akaweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Asali nitauza," akaniambia. "Hili siliwezi. Nikiendelea, siku moja nitapiga picha na mimi nitamwona mtu wangu, halafu sitafanya kazi nyingine tena."

Aliwaita mafundi, wakauziba mlango ule kwa matofali na saruji, wakapiga plasta na chokaa. Ghala likawa na giza kidogo na joto zaidi. Tukaweka picha ya ukuta kwenye ukurasa wao, tukaifuta ile ya kwanza, tukijua kuifuta huko ni kama kuficha jua kwa ungo, maana imo kwenye simu za watu wasiohesabika. Wateja wa kujipiga picha walikoma. Kwa msimu mzima mauzo yalianguka, na Mwajuma hakuwa akiongea na wifi yake vizuri. Kisha wakaanza kurudi wachache, wale waliokuwa wameifungua chupa na kuilamba. Hao walikuja kununua, wakawatumia dada zao picha ya asali kwenye uji wa mtoto, kwenye kikombe cha mgonjwa. Kikundi kinaishi kwa hao mpaka leo. Kama kuna somo la biashara mnalolitaka kwangu, ni hilo, na limetuchukua muda kulipata.

Namba yangu ilibaki kwenye ile video ya Bi Mwanaidi, kwa hiyo meseji huwa zinanifikia mimi sasa, hata baada ya kustaafu. Zinakuja mchana, watu wakiwa kazini, wakiwa sokoni. Nimeona si vyema kuziacha bila majibu. Huwa namjibu kila mmoja kwa jina lake, nampa pole, namwelekeza polisi na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya yake, kisha namwambia ukweli kwamba ule mlango ulishazibwa.

Wengi hushukuru na kunyamaza. Lakini wiki iliyopita mama mmoja anayemtafuta mwanawe, simjui, hakutaja anakoishi, alinijibu.

"Najua umezibwa, dada. Nimeiona picha ya ukuta. Nilikuwa nauliza tu, wakati mnauziba, yeye alibaki ndani au nje?"

Nilipika, nikala, nikaswali, nikaisoma tena. Meseji nyingine zote nimezijibu. Hiyo bado ipo.